Mgeuko Mmoja

Sheria inampa kila mtu mgeuko mmoja tu maishani. Ukishautumia, kidude kilichopandikizwa nyuma ya sikio huzima kila hisia nyingine inayotaka kukubadilisha. Wangu niliutumia ujanani, kwenye arusi ya binamu, nilipowashinda malenga wote kwa kujibizana, nikaapa kuishi kwa ushairi.

Leo mke wangu, Mwanaesha, amenipakatisha binti yetu mchanga. Kifua kikawaka, kidude kikakipoza.

"Umemwonaje?"

"Mzuri."

"Mzuri! Kwani unasifia kanzu, bwana wee?"

Nikahamaki. Hasira ndiyo hisia pekee kidude kilichoniachia, maana haimgeuzi mtu. Nikamtungia mtoto ubeti papo hapo, ubeti usio na mfano. Mwanaesha akalia, mama mkwe aliyeketi kando akalia.

Mimi nilikuwa nahesabu mizani.