Taa ya Kibodi

Kompyuta ilipoanza kuwaka, Ruweida alibonyeza kitufe na taa ndogo ya kibodi ikamwitikia. Palipotokea tu pa kuandika neno la siri, taa ikazimika na vitufe vyote vikafa ganzi.

"Kumbe kibodi haina kosa," akajisemea. "Balaa ni huu mfumo mpya wa Linux."

Jana shoga yake wa meza ya pili hapo ofisini ndiye aliyemhimiza: "Sasisha tu, mwaya, mie yangu nishasasisha." Na maombi ya ile nafasi moja ya kazi, waliyoitaka wote wawili, yanafungwa alasiri hii.

Akaenda kuazima mashine ya shoga. Ilikuwa na sura ile ile ya mfumo wa zamani, haijasasishwa.

Shoga akaingia kutoka kutawadha, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Pole na kibodi, mwaya."

Ruweida alikuwa hajamwambia mtu.