Magego Mawili Kabla ya Safari

"Toa na hii ya pembeni," Kenny alisema, pamba ikiwa bado mdomoni.

Vestine, mganga wa meno, akaweka koleo chini. "Lakini hii jino iko muzima."

"Iko muzima leo. Kule inchi ya watu, bila bima, kung'oa jino moja inakula mushahara ya mwezi. Mi niko na bima ya mutuelle hapa. Toa tu."

Vestine akatoa. Mtu akishapata kazi nje ya nchi, nani atambishia?

Mkataba wa kazi hiyo Kenny aliukariri kama sala. Ulimwita "mfanyakazi wa kigeni", na tangu siku hiyo alitembea mtaani kwao Mbugangari kama mtu aliyekwisha kuondoka. Kilichomnyima usingizi ni kimoja tu: kama mshahara wenyewe utamfikia. Baba yake mdogo, Wellars, aliyewahi kuishi Bujumbura miezi minne na kwa hiyo aliijua dunia nzima, alimfungua macho.

"Kodi yao inakata mbele pesa haijakufikia. Yenye inabaki, hospitali inamaliza. Bon, jitibishe hapa yote."

Kenny akajitibisha. Alipimwa macho yasiyouma, akanywa dawa ya minyoo mara mbili, akang'olewa magego mawili mazima. Wauguzi wa zahanati walifika mahali pa kumsalimia kwa jina.

Jumapili kanisa lilimwombea kwa muda mrefu, likamzawadia sanduku lenye magurudumu.

Jumatatu asubuhi mama yake, Mukasine, alishindwa kujizuia. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na aliogopa kwelikweli.

"Ukigonjwa kule, nani atakupikia uji?"

"Nitajikaza, mama."

"Na baridi?"

"Iko tu sawa na ya hapa."

Wellars alijitolea kuburuta sanduku. Mukasine hakuwasindikiza, alisema moyo wake hauwezi kuuona mgongo wa mwanawe ukipotea. Kenny alimkumbatia, akatoka upesi ili asionekane analia.

Saa sita na nusu mchana, baada ya kupanga foleni kwenye mpaka wa Grande Barrière kwa mara ya pili siku hiyo, alirudi kwa miguu kutoka kazini Goma, ng'ambo tu ya mpaka, kula chakula cha mchana, akamkuta mama bado anafuta machozi huku akimchomea mahindi.