Alama za Gachanja

"Ukiulizwa, usijibu haraka," Nderitu alimwambia kijana kwenye lango la chuo. "Jibu kwa kiasi. Hakuna mwalimu anapenda mwanafunzi wa kumshinda."

"Ndio, mzee," akasema Gachanja.

Walikuwa wamepanda lori la maziwa kutoka Subukia kabla ya jua. Kule shambani kwa mzungu, Nderitu ndiye nyapara wa kahawa, na akikohoa tu watu huinama kazini. Asubuhi hiyo alisimama langoni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Chuo cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Nakuru. Wanafunzi wapya walikuwa wanabeba magodoro yao. Nafasi ilikuwa imebaki moja.

Mwalimu Kosgei, naibu wa mkuu, alikuwa ofisini anaangalia karatasi ya matokeo kama mtu aliyeona nzi kwenye uji.

"Gachanja wa Nderitu," akaita.

Kijana hakugeuka mpaka Nderitu alipomgusa kiwiko.

"Mzee, sitakuficha," Kosgei akasema. "Hizi alama ni mbaya. Hesabu mbaya, Kiingereza ndio usiseme. Nimekuita juu ya hii cheti yako ya utiifu, kwamba uko upande wa serikali. Hii hali ya hatari imemaliza watu. Serikali inataka Mkikuyu hana maneno, na hao ni wachache." Akapindua karatasi. "Lakini shule hiyo hiyo kuna Gachanja mwingine, namba moja wilaya mzima. Huyo singemuuliza hata swali."

"Ni mtoto wa ndugu yangu," akasema Nderitu. "Kwetu kifungua mimba anapewa jina ya babu yake. Kwa hivyo tuko na Gachanja wawili."

"Na huyo ndugu yako?"

"Yuko Manyani, kizuizini."

"Basi mtoto wake hata akiwa na akili ya namna gani, hapa haingii. Mimi sikutunga hiyo sheria."

Gachanja aliinamisha macho. Nderitu alimwonea uchungu, akatamani kumshika bega, lakini si mahali pa kushikana mabega.

"Kijana, shamba iko na mistari kumi na tano ya kahawa," Kosgei akaanza. "Kila mstari miti ishirini na nne. Miti ngapi?"

Midomo ya Gachanja ilifunguka. Akamtazama Nderitu, akaifunga. Nderitu akakohoa.

"Mia tatu na sitini," hatimaye kijana akasema.

"Umepataje?"

"Nimehesabu na vidole, mwalimu."

Kosgei akacheka, akampa kitabu cha Kiingereza asome. Alisoma kwa kujikwaa, tena kwenye maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu huyasoma bila kufikiri.

"Hesabu unajua kidogo. Mbona kwa mtihani uliharibu?"

"Nilikuwa na homa, mwalimu."

Kosgei alimkazia macho. Nderitu aliogopa. Aliogopa kuliko siku ile askari walipokuja kumchukua ndugu yake, maana siku ile hakukuwa na la kufanya, na leo lilikuwepo.

"Atapata taabu hapa," Kosgei akasema mwishowe. "Lakini haba na haba hujaza kibaba. Wacha abaki. Akishindwa na muhula huu, mzee, utakuja kumchukua."

Nderitu alishukuru mara nyingi kuliko inavyomstahili mtu mzima. Gachanja alimsindikiza hadi langoni, na huko ndiko machozi yakamtoka.

"Usilie," Nderitu akamwambia. "Na usikimbilie kuwa wa kwanza. Muhula wa pili ndio uanze kuerevuka."

Alifika Subukia jioni, ng'ombe wakikamuliwa. Hakupitia nyumbani, alikwenda moja kwa moja zizini. Kijana mmoja aliyekuwa amechuchumaa na ndoo katikati ya magoti akainua kichwa. Alikuwa mwanawe wa kumzaa.

"Baba, nimechukuliwa?"

"Umechukuliwa, Gachanja," Nderitu akasema. "Nenda kwa mke wa ndugu yangu, umwambie mtoto wake amebaki chuoni. Na kuanzia leo, mtu akikuuliza baba yako yuko wapi, sema yuko Manyani."