Unga wa Mfupa

Ufizi ulikuwa umeshafunuliwa. Kando ya mizizi ya meno ya mbele lilionekana shimo: ugonjwa ulikuwa umekula mfupa hadi karibu na ncha. Kwenye kibakuli, unga wa mfupa uliochanganywa na damu ya mgonjwa mwenyewe ulikuwa tayari. Ukijazwa mle, mfupa mpya ungeota na meno ya mbele yangeshika. Bila huo, yangedondoka kabla ya mwaka kwisha.

Daktari alichota unga kwa kijiko chembamba.

Kabla ya ganzi, mgonjwa alikuwa mchangamfu. "Niokolee haya ya mbele, mwanangu, naoa mwezi ujao. Yule wa kwanza meno yalimtoka kwa ugonjwa huuhuu wa fizi. Nikamwita Kibogoyo mpaka akabeba binti yake akaenda zake. Pengo tupu la nini ndani ya nyumba?"

Muuguzi alicheka kwa adabu. Daktari hakucheka. Barakoa ilimfunika hadi chini ya macho, na huyu baba yake wa kambo hakuwa amemwona tangu utotoni. Mama yake daktari alikuwa akila ameelekea ukutani, akificha mapengo, hadi siku aliyofariki.

Alikigeuza kijiko. Unga ukarudi kibakulini.

"Nipe sindano na uzi nishone."

"Daktari, unga bado hujaweka."

"Najua."

Macho ya mgonjwa yalimgeukia, kinywa wazi, ulimi umekufa ganzi. Daktari akashusha barakoa hadi kidevuni.

"Usitikisike, baba," alisema. "Kibogoyo anakusalimu."