Neno Lililorudi Kila Asubuhi

Neno lilikuwa limerudi.

Mkaguzi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Pale pale alipolifuta jana, juu ya jaribio la programu ya kompyuta, lililoandikwa kwa lugha ya Java, lilikaa kama mgeni asiyejua kuaga: public.

Akachukua simu, akampigia binti wa kampuni aliyeliandika. Tangu mkewe afariki na yeye astaafu, akabakia kukagua kazi za kampuni akiwa nyumbani, hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

"Binti, tena?"

"Shikamoo babu. Nimeharibu wapi?"

"Marahaba. Hilo ni jaribio tu, kwa nini ulifungulie dunia nzima? Na ukiandika private, umelifungia ndani, halitaendeshwa kabisa. Usiandike kitu! Walione wa pakiti yake, mafaili ya kundi lake, basi."

"Kama mlango wa jikoni, kwa watu wa nyumbani."

"Hasa! Mbona basi hushiki?"

"Kichwa kigumu, babu. Umekula lakini?"

"Nitakula."

"Kula sasa. Nasubiri."

Alitafuna mkate akiwa amesimama, simu sikioni, binti akimcheka.

Jioni meneja akamwandikia: "Ripoti zako zina kosa lile lile, la mtu yule yule. Mwisho wa mwezi tunaamua nani abaki, nani aende."

Watamfukuza binti, akawaza. Hakuwahi kumwona binti huyo, ila kwa sauti changa vile, bila shaka ndiyo kazi yake ya kwanza.

Kuanzia kesho yake alilifuta neno kimya kimya, akaripoti: "Safi." Hakupiga simu. Binti alipopiga, aliiacha iite mpaka ikachoka, asije akaropoka. Nyumba ikanyamaza hadi akawa anasikia friji ikinguruma. Siku nyingine alisahau kula.

Mwisho wa mwezi meneja akapiga.

"Mmembakiza?" mzee akadakia.

"Nani?"

"Binti wa public."

"Mzee, yule ndiye mkuu wa programu hapa. Huo mwongozo wa kampuni unaoutumia kumkosoa, kauandika yeye. Tulikuwa tunaamua juu yako. Yeye akashikilia kwamba hatuwezi kumwondoa mkaguzi wakati makosa bado yapo."

Akashusha sauti.

"Ila ripoti zako za siku hizi, mzee wangu, hazina kosa hata moja."