Mwenyekiti Haruhusiwi Kupanda

Kiti cha magurudumu kilimgonga Dedan kwenye ugoko kabla hajamaliza kusema, "Simameni hapo."

"Vuta breki, Annet!" Bridgit akapiga kelele.

"Breki! Iko wapi hiyo breki?" Annet alipapasa kulia, akapapasa kushoto, kicheko kimemjaa mpaka mikono haimsikii. Bridgit, aliyekuwa nyuma ameshika mipini, akainama akaivuta yeye. Dedan akaruka kwa mguu mmoja huku watu kwenye laini wakimcheka.

Wasichana hao wawili walikuwa wametoka mtaa wa Raila, kule Kibera, mpaka huu uwanja wa Kawangware, kwa sababu ya gurudumu la bembea. Lilikuwa refu kupita ghorofa zote za pale, na habari zilizofika Raila zilisema ukiwa juu unaona Kibera yote, bati kwa bati, na kwamba mlangoni kuna kibao chenye masharti. Kesho lingefunguliwa nati, lipakiwe kwa lori, lipelekwe mji mwingine. Kwa hivyo walikuwa wameapa: leo hakuna kurudi mpaka Raila ionekane kutoka juu.

Dedan ndiye aliyekuwa mlinzi wa gurudumu. Alinyoosha rungu kwenye kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: USALAMA KWANZA. MWENYEKITI HARUHUSIWI KUPANDA.

Mama mmoja kwenye laini, Rahab, mtoto mgongoni, akasoma kwa sauti. "Mwenyekiti? Aki tungewekewa hiyo kwa chama chetu! Yule wetu amepanda vya kutosha."

Laini yote ikaangua kicheko.

"Ni maneno mawili," Dedan akasema, uso umemwiva. "Fundi wa kuandika aliyaunganisha. Mwenye. Kiti." Akamgeukia Annet. "Wewe ndio mwenye kiti?"

"Kwani huoni nani amekikalia?"

"Basi pole, siste. Hupandi."

"Kwa nini?"

"Jenereta ikizima ukiwa juu, utashukaje?"

"Na hawa wengine watashuka na nini?"

"Na miguu."

Annet akainua uso. Kule juu miguu ya watu ilikuwa inaning'inia. "Hiyo? Si hiyo ni kama soksi zimeanikwa kwa kamba!"

Watu wakacheka tena. Bridgit peke yake hakucheka. Alikuwa amekaza mipini, macho yake yanafuata bembea moja ikipanda, ikishuka.

Dedan hakuwa mtu mbaya. Akashusha sauti. "Sikia, siste. Anayekusukuma anaruhusiwa. Yeye apande, wewe ubaki hapa. Mimi mwenyewe nitakuchunga."

Wasichana wakaangaliana.

"Nenda," Annet akasema. "Utanihadithia. Lakini kwanza nisukume mpaka pale karibu, na mimi nione."

"Wacha nimsukume mimi," Dedan akasema.

"Wee! Asinisukume mtu mwingine!"

Bridgit akasukuma polepole, kama mtu aliyebeba mayai, mpaka kiti kikagusana na bembea iliyokuwa inangoja chini. Akaachia mpini mmoja, akashika chuma, akaachia wa pili, akajitupa ndani kama gunia la viazi.

"Kwani umekunywa?" Dedan akauliza, akimfungia.

Annet akajirudisha nyuma, gurudumu likaondoka. Uwanja mzima ulimsikia Bridgit.

"Annet! Naona shule ya Olympic! Uuuwi! Annet, naona Raila! Naona bati letu, lile la bluu! Naona mama ameanika blanketi yangu!"

"Muongo!" Annet akapiga kelele kutoka chini, machozi yanamtiririka. "Anapika nini?"

"Omena! Nasikia mpaka harufu!"

Rahab akatikisa kichwa. "Rafiki wa aina gani huyu? Anamringia mwenzake kitu ambacho hawezi kupata." Akavuta ncha ya leso yake, akampangusa Annet macho. "Nyamaza, mama. Mungu anaona."

Annet akafunika uso na viganja. Mabega yalikuwa yanatetemeka.

Halafu jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Gurudumu likasimama. Bridgit alikuwa juu kabisa, kwenye ncha. Bembea ya chini yake ilikuwa na Khamala, fundi wa kuchomelea, jitu la kifua kipana, na sasa lilikuwa linamwita Yesu kwa Kiluhya.

"Umeona?" Dedan akamwambia Annet. "Ndio maana nilikukataza. Sasa hivi ingekuwa wewe."

"Kweli," Annet akasema. "Ingekuwa mbaya sana."

Vijana wakaparamia vyuma, wakaanza kulizungusha gurudumu kwa mikono, bembea moja baada ya nyingine. Kila aliyefika chini aliyumba. Khamala alipofika, magoti yalimkataa kabisa, ikabidi wanaume wawili wambebe kama godoro. Kule juu Bridgit alikuwa anaimba, miguu inabembea hewani.

Yeye ndiye aliyeshushwa mwisho. Nywele zilikuwa zimesimama kwa upepo, na alikuwa amecheka mpaka sauti imepotea. Dedan akamfungulia chuma.

"Haya, dada, ruka. Ni hatua moja."

Bridgit hakusogea.

"Ameganda na woga," Rahab akasema. "Si alikuwa anaringa?"

Dedan akamnyooshea mkono. "Shuka basi, tufunge. Mwenzako anangoja."

Annet akaachia breki, safari hii bila kupapasa. Akasimama, akajinyoosha mgongo mpaka ukalia, akakisukuma kiti mbio mpaka kwenye bembea.

"Kaa kwa kiti chako, Bridgit," akasema. "Mimi nimechoka kukaa."