Habari za Njiani

Bi Kanga alikuwa na desturi moja nyumbani kwake: mgeni hapakuliwi chakula mpaka atoe habari za njiani.

Siku ya karamu yake ya kunde, Digidigi, asiyejua kwenda ila mbio, alimpita Jongoo asubuhi na mapema bila hata salamu. Akafika wa kwanza, anahema, pua imeelekea chunguni.

"Karibu, mwanangu. Za njiani?"

"Njema, Bi Kanga."

"Njema zipi?"

Digidigi akababaika. Njia nzima aliwaza kunde tu. Hakuona hata jani.

"Basi keti kwanza," akasema Bi Kanga.

Wageni wakaja, wakasimulia, wakala. Digidigi akameza mate mpaka jua likapinduka. Ndipo akaingia Jongoo, miguu yote vumbi tupu, uso umejaa furaha.

"Nimekuta siafu wakigombea punje ya mtama, nikawaamua. Nimeona uyoga ukichipuka, nikangoja mpaka ukafungua mwavuli wake. Tena nimeona digidigi akitimua mbio kama mwizi wa mihogo! Mpaka sasa najiuliza alikuwa anafukuzwa na nani."

"Na kunde!" Digidigi akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukacheka naye. "Kunde, mzee wangu, ndizo zilizokuwa zikinifukuza!"

"Hiyo sasa ndiyo habari," akasema Bi Kanga, akampakulia sahani ikafura kama kichuguu.

Walipoaga, Digidigi alifuatana na Jongoo, hatua kwa hatua. Kabla hawajavuka ua wa Bi Kanga, alikwisha kupata habari mbili.